Mkono Katika Nyumba ya Jana

Mgeni alifika Alhamisi Kuu, saa tatu asubuhi, wakati Gonaria Sedda ana chokaa mpaka kwenye kope.

Hakubisha hodi, kwani pango halina mlango wa kubisha. Aliinama, akajipenyeza kwenye kile kitundu cha mawe ambacho hata mtoto hukipita kwa magoti, kisha akasimama ndani na karatasi yake mkononi. Akatazama ukuta wa kulia. Akatazama wa kushoto. Akainua macho darini. Kote kulikuwa kweupe, kwingine kukavu, kwingine bado kunang'aa kwa unyevu. Ndipo aliposema, kwa sauti ya mtu aliyekuta nyumba yake imeungua:

"Nani kafanya unyama huu?"

Gonaria alikuwa amechuchumaa pembeni, nyuma ya ndoo, na mgeni hakumwona. Aliinuka polepole, brashi mkononi, chokaa ikimdondoka kiwikoni.

"Baba yangu," alisema. "Na kabla yake babu yangu. Na leo ni mimi, kama unavyoona. Sasa na wewe tutajie jina lako, tujue anayetutukana ni nani."

Yule kijana aligeuka kwa ghafla akagonga kichwa kwenye dari. Alikuwa mrefu, mwembamba, nywele zake rangi ya majani makavu. Macho yake yalikuwa yamejaa simanzi ya kweli kiasi kwamba Gonaria, ambaye alikuwa amekwisha kuandaa tusi la pili, alijikuta amelisahau.

"Elvio Brandolin," alisema huku anajisugua utosi. "Natoka Udine."

"Bara, ng'ambo ya bahari."

"Bara," alikubali, kama mtu anayeungama.

"Na huko bara mtu akiingia nyumba ya watu huanza kwa matusi au kwa salamu?"

"Kwa salamu."

"Basi toka nje, uingie upya."

Akatoka kweli. Gonaria aliisikia suruali yake ikikwaruza mawe, halafu sauti ya adabu kutoka kwenye kitundu: "Habari za asubuhi. Naomba kuingia." Gonaria aliuma mdomo asicheke. Huko nyuma alikuwa hajawahi kumwona mwanamume aliyeamriwa na mwanamke akatii bila kununa.

Katika kijiji cha Orunele, ndani kabisa ya milima ya kisiwa cha Sardinia, padri hupita nyumba kwa nyumba kuelekea Pasaka akizibariki. Hakuna Msedda aliyewahi kumpokea padri katika nyumba isiyopakwa chokaa. Hupaka nyumba, hupaka tanuri la mkate, hupaka zizi, na mwisho hupaka pango lililo nyuma ya zizi, wanamoivishia jibini ya kondoo. Pango hilo lilichongwa kwenye mwamba miaka elfu tano iliyopita na watu ambao jina lao limepotea. Wazee husema waliolichonga ni jana, wale wanawake wa kijini wasiozidi kimo cha goti, mafundi wa kufuma. Kwa hiyo mahali pale huitwa Nyumba ya Jana, na Wasedda waliona ni aibu majirani hao wa kale wakose chokaa ya Pasaka ilhali kondoo wamepata.

Elvio alimwonyesha karatasi yake. Ilikuwa nakala ya mchoro wa padri mmoja aliyepita kule miaka mia na sitini iliyopita: pembe za fahali, moja ndani ya nyingine, na duara zilizojisokota kama konokono. Zilipangwa kwenye ukuta wa nyuma kutoka kila upande zikielekea katikati. Na pale katikati palikuwa na doa jeusi.

"Hapo padri alimwaga wino," alisema Elvio. "Hakuna ajuaye pana nini. Nimetafuta pango hili miaka minne, Gonaria. Na michoro yote ilikuwa ya ngeu, ule udongo mwekundu."

"Nani kakwambia uniite Gonaria?"

"Jina limeandikwa kwenye ndoo."

Gonaria aliitazama ndoo. Ni kweli, baba yake ndiye aliyeliandika.

"Gonaria," sauti ya mama yake iliita kutoka juu, penye uwanja. "Unaongea na nani humo?"

"Mgeni, mama."

Halafu Mama Paska akasema lile neno ambalo Msedda yeyote angelisema, hata kama aliyefika ni mwizi: "Basi mlete ale."

*

Mezani waliketi watu wanne. Mama Paska alikuwa mjane wa miaka mitatu, mwanamke mfupi mwenye mgongo ulionyooka kama mshumaa. Bachisio, kaka yake Gonaria, alikuwa na mabega ya kubebea kondoo wawili kwa mpigo. Palikuwa na mkate mkavu mwembamba unaovunjika kwa mlio, zeituni, jibini ya mwaka jana, na jagi la mvinyo.

"Kwa hiyo wewe umesomea kukwangua kuta," alisema Bachisio.

"Kurudisha michoro ya kale. Ndiyo, na kukwangua kumo."

"Miaka mingapi?"

"Tisa."

"Tisa," Bachisio alimgeukia mama yake. "Mama, mbuzi wetu anakwangua ukuta tangu azaliwe, na hatujamlipia hata kalamu."

Gonaria alitarajia mgeni akasirike. Elvio alimeza zeituni, akasema, "Nitaomba kumwona kazini. Huenda ana mkono mwepesi kuliko wangu," na Bachisio akacheka kabla hajajizuia.

Elvio akaomba ruhusa ya kujaribu mahali padogo tu, pa ukubwa wa kiberiti. Mama Paska alikataa bila kuinua sauti. Chokaa ya Pasaka haiguswi kabla padri hajaibariki. Kama mgeni anaweza kungoja, angoje. Chumba cha juu kina kitanda.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa Wasedda jembe halina kazi kubwa, kwa hiyo siku ya tatu Bachisio alimpa ndoo ya kukamulia. Kondoo wa kwanza alimpiga teke la paja. Wa pili alimkanyagia ndoo. Wa tatu alisimama akamtazama kwa huruma, na maziwa yakatoka. Gonaria alikuwa ameegemea ukuta wa zizi akijifanya anafunga kamba ya kiatu. Aliifunga kamba ile mara nne.

*

Jumanne baada ya Pasaka, Elvio alipiga magoti pangoni na kisu chake chembamba kama cha daktari wa upasuaji. Alikwangua ukoko mmoja baada ya mwingine. Kila Pasaka ilikuwa imeacha tabaka lake, na yeye aliyafungua kama kurasa. Mama Paska alisimama nyuma yake amekunja mikono. Bachisio alikaa kwenye kitundu akiziba nusu ya mwanga.

Saa nzima ilipita. Halafu Elvio akaacha kukwangua. Akapuliza taratibu, akasogeza taa.

Katika kile kidirisha cha ukubwa wa kiberiti palikuwa na wekundu. Si wekundu uliofifia, wa kukisia. Ulikuwa umeiva, umeshiba.

"Kama umepakwa jana," alinong'ona Gonaria.

Elvio hakugeuka.

"Nimefanya kazi katika mapango kumi na moja ya bonde hili. Yote yameliwa na moshi, na unyevu, na mikono ya watu. Kilichobaki ni vivuli. Hapa mlikuwa mnaifunika. Kila mwaka mliifunika, kama mtoto kitandani. Chokaa hii ndiyo iliyoilinda."

Mama Paska alikuwa na kumbukumbu ndefu.

"Mgeni," alisema. "Binti yangu ameniambia neno ulilolisema humu Alhamisi Kuu."

Elvio akawa mwekundu kuliko ule ukuta. "Mama Paska, nakuomba radhi."

"Mimi hukunitukana. Uliutukana ukuta na walioupaka. Neno lililosemwa mbele ya ukuta hufutwa mbele ya ukuta."

Bachisio alijiandaa kucheka. Lakini Elvio, mtu wa miaka tisa ya chuo, aligeukia ukuta mweupe akavua kofia. Akasema, wazi kama mtu aliye mbele ya hakimu: "Niliita unyama kitu kilichokuwa heshima. Nimekosa. Ahsanteni." Kicheko cha Bachisio kikapotelea njiani. Na Gonaria, aliyekuwa amesimama na ndoo tupu, aliona kifua chake kimepanuka kwa fahari. Ilikuwa fahari ya baba yake, ya babu yake, na ya brashi zote za manyoya ya mbuzi zilizochakaa mahali pale. Ndani ya fahari hiyo kulikuwa na kitu kingine kidogo, chenye joto, ambacho hakukipa jina.

Alasiri ile ile Elvio alisogeza taa kwenye ukuta wa nyuma na kuuona mkono.

Ulikuwa katikati kabisa, umezama kwenye chokaa, kiganja kipana cha mtu mzima. Vidole vinne vilikuwa vizima. Kidole cha mwisho kilikuwa nusu.

"Huo ni wa nani?"

"Baba," alisema Gonaria. "Pasaka yake ya mwisho. Alikuwa mgonjwa na hataki kuambiwa apumzike. Alipomaliza ukuta huu alipata kizunguzungu akaushika, chokaa ikiwa mbichi. Nikamwambia, baba, umeharibu. Akasema acha, mwakani nitaipaka tena." Aliweka ndoo chini. "Mwakani hakuwepo. Toka siku hiyo brashi yangu huzunguka hapo."

"Na kidole?"

"Lango la zizi. Nilikuwa na miaka sita. Alinikinga."

Kila mmoja wao alijua bila kuambiwa kwamba mkono ule ulikuwa juu ya lile doa la wino. Elvio aliitazama karatasi yake, akautazama ukuta, kisha akamtazama Gonaria. Alimtazama muda mrefu kuliko alivyoutazama ukuta.

"Mkono huu sitaugusa," alisema.

"Mama atataka kulisikia hilo."

"Niandike mahali?"

"Hapa karatasi ni za watu wasioaminiana. Umeshasema."

*

Mei ikaja, kondoo wakanyolewa, na wekundu ukaenea ukutani kidole kwa kidole. Asubuhi Gonaria alikamua na kupika jibini. Mchana alishuka pangoni kumshikia taa, kwa sababu, alivyomwambia mama yake, mwanga wa taa iliyowekwa chini hautoshi. Waliongea huku wameutazama ukuta, na labda ndiyo maana waliweza kusema mengi. Elvio alimsimulia juu ya baba yake fundi saa, aliyekufa bila kuelewa mwanawe anafanya kazi gani. Gonaria alimweleza alivyoacha masomo Sassari mwaka mmoja kabla ya shahada ili arudi kwenye kondoo.

"Unajuta?"

"Napeleka kondoo mia na themanini mlimani na wananisikiliza. Ni mwalimu gani anaweza kusema hivyo?"

Siku moja Elvio alipanda mbio uwanjani amebeba kipande cha ukoko kwenye kiganja kama anabeba kifaranga. Alikuwa ameyahesabu matabaka kwenye ukingo wake. Kati ya meupe yote palipita mstari mmoja mwembamba wa buluu.

"Hili ni la miaka ishirini na saba nyuma," alisema. "Mwaka ule kulitokea nini?"

Mama Paska alikuwa akimenya kunde. Aliacha.

"Mwaka ule alizaliwa huyu," alisema na kumwelekezea Gonaria kidevu. "Baba yake, Predu, akatia kwenye chokaa buluu yangu yote ya kufulia. Nilimgombeza wiki nzima. Akasema binti yake hawezi kuingia duniani na chokaa ya kila siku."

Gonaria hakuwahi kuambiwa habari hiyo. Elvio alikiweka kile kipande kwenye kiberiti kitupu juu ya pamba, akampa. Vidole vyao vilikutana juu ya kiberiti, na havikuachana haraka kama ilivyopasa mbele ya mama.

Jioni hiyo Mama Paska alimwita jikoni.

"Mwanangu, shangazi yako Assuntina aliolewa na injinia wa bara."

"Najua, mama."

"Alirudi baada ya miaka miwili na sanduku moja. Hakupigwa wala hakutukanwa. Alisahauliwa tu, kama mwavuli. Watu wa bara hupenda vitu vyetu. Mawe yetu, jibini yetu. Siku ya meli ikifika wanaondoka na picha."

"Elvio si injinia."

"Mgeni," alisema Mama Paska, ambaye katika majuma yote yale hakuwahi kumwita kwa jina, "ni mgeni mpaka atakapokatwa na kitu chetu. Bado hajakatwa."

*

Profesa Morandini, mkuu wa Elvio kutoka chuoni, alifika Jumatano katikati ya Juni, kwa gari jeupe lililojaa vumbi. Alikuwa mzee mpole mwenye viatu vizuri. Alikaa pangoni saa mbili, akatoka macho yamelowa, akamshika Elvio bega na kusema naye kando ya mwaloni. Kisha akaondoka.

Elvio alimfuata Gonaria kwenye birika la kunyweshea na kumwambia mwenyewe. Alikuwa mtu asiyejua kuficha.

"Chuo kitafungua kituo hapa bondeni. Miaka mitatu. Wanataka mtu wa kukiongoza. Ni mimi au mwenzangu wa kusini, mwenye pango lililokamilika. Profesa atarudi Jumapili kupiga picha za mwisho. Anataka katikati ya ukuta."

Maji yalimiminika. Kondoo mmoja alikohoa.

"Ulimweleza kuhusu mkono?"

"Nilimweleza. Akasema aliye chini ya mkono amengoja miaka elfu tano, na aliye juu yake miaka mitatu. Nikamwambia nilijaribu kwenye mabaki kuona kama chokaa inaweza kubanduliwa nzima. Haiwezi. Inakuwa unga."

"Halafu?"

"Akaniambia nifanye kazi yangu. Familia italia siku mbili, halafu itaona fahari."

"Na wewe ulijibu nini?"

Elvio alitazama maji. "Nilinyamaza."

"Kunyamaza ni nusu ya ndiyo."

"Gonaria, nisikilize. Si kazi tu. Miaka mitatu hapa. Hapa, unaelewa? Nisipoipata, mkataba wangu unakwisha mwezi huu. Jumanne nitakuwa kwenye meli. Mimi sitaki kuwa kwenye meli. Nataka kuwa mahali ambapo wewe unafunga kamba ya kiatu mara nne."

Kwa hiyo alikuwa ameona. Moyo wa Gonaria uliruka na kuumia kwa wakati mmoja, kama mtu aliyekanyaga mwiba akicheza ngoma. Ni maneno aliyotaka kuyasikia tangu Aprili. Kwa nini yalikuja yamefungwa pamoja na hayo mengine?

"Yaani ili ubaki nami," alisema polepole, "umfute baba yangu."

"Sikusema nitamfuta."

"Hukusema hutamfuta."

"Basi niambie nifanye nini. Neno moja. Ukiniambia niache, nitaacha."

Gonaria alifunga bomba, akakaza mpaka likalia. Alikuwa amejinyoosha, na wakati ule, laiti angejiona, angeona mgongo wa mama yake.

"Sikuambii. Orunele mtu hakumbushwi ahadi mara ya pili. Kumkumbusha ni kumwambia mimi nilijua wewe ni mtu mdogo. Sijakuona mdogo, Elvio. Usinilazimishe."

"Gonaria..."

"Kesho napeleka kondoo malisho ya juu. Nitarudi Jumapili. Pango halina mlango, na kisu ni chako."

Akapanda bila kugeuka. Alipofika kona ya ukuta, mahali asipoonekana, alisimama na kiberiti kile mfukoni, akakishika mpaka kikataka kupasuka.

*

Siku tatu mlimani si nyingi, ila kwa mtu anayengoja. Gonaria alijikuta akihesabu kondoo wale wale mara mbili. Wakati mwingine aliona anapaswa kushuka mbio na kumwambia ruhusa unayo, futa, baba angekuelewa, baki. Na baba angeelewa kweli. Ndiyo maana neno hilo lilikuwa gumu. Baba yake alitoa kidole kwa ajili yake bila kuombwa. Je, angemnyima mkono mzima? Lakini kila alipoinuka, alikumbuka kwamba kitu ambacho umekisukuma mwenyewe mikononi mwa mtu hutajua kamwe kama angekichukua. Akakaa.

Jumapili adhuhuri, akishuka na kundi, alikutana na gari jeupe kwenye kona nyembamba. Kondoo walilizunguka kama maji yanavyozunguka jiwe. Profesa Morandini alishusha kioo.

"Wewe ndiye binti Sedda."

"Ndimi."

"Nimefundisha miaka thelathini na nane," alisema mzee yule. Hakuwa na hasira, ila alionekana amechoka. "Mkono ule kule chini umemgharimu kijana yule nafasi ambayo wenzake wangewauza mama zao waipate. Natumaini mnajua thamani yake."

Gonaria alimsukuma kondoo mmoja atoke mbele ya gurudumu.

"Sisi tunaijua, Profesa," alisema. "Tulikuwa hatujui kama na yeye anaijua."

Profesa alimtazama kitambo, akainamisha kichwa kidogo kama kwa mtu wa rika lake, na gari likasogea.

Gonaria alimwachia mbwa kundi. Aliingia pangoni kwa magoti, vumbi la siku tatu usoni. Elvio alikuwa ameketi sakafuni, vifaa vyake vimefungwa kwenye turubai. Taa ilikuwa bado inawaka.

Ukuta wa nyuma ulikuwa umekamilika. Pembe za fahali zilipangana kutoka kulia na kutoka kushoto, nyekundu, kubwa, zenye nguvu, na zile duara zilijisokota kati yake. Zote zilikwenda kuelekea katikati kama watu wanaokwenda kumsalimu mwenye nyumba. Na katikati, upana wa dole gumba kabla ya mkono, zilikoma. Ukingo ulikuwa laini, umekatwa kwa subira iliyochukua siku nzima. Pale palikuwa na kisiwa kidogo cheupe, na juu ya kisiwa, mkono wa Predu Sedda.

Haikukosekana hata chembe.

"Alisema nitajuta," alisema Elvio. "Nilimwambia inawezekana. Nikamwambia pia kwamba siku nitakayojuta, nataka nijute kitu nilichokiacha, siyo nilichokivunja."

Gonaria alikaa sakafuni karibu yake, bega kwa bega, wote wakiutazama ukuta kama walivyozoea.

"Meli ni Jumanne?"

"Saa nne asubuhi."

"Huko Udine kuna kazi?"

"Kuna kanisa lenye dari bovu. Mpaka majira ya baridi."

"Chokaa ya Pasaka hulowekwa wiki mbili kabla," alisema Gonaria. "Bachisio ana haraka, huiloweka siku tatu, inatoa mabaka."

"Nitakuja kuiloweka."

Hakumuuliza kama ni kweli. Alikitoa kiberiti mfukoni, chenye ule mstari wa buluu wa mwaka aliozaliwa, akakiweka kwenye kiganja cha Elvio na kuvikunja vidole vyake kimoja kimoja. Picha wanaondoka nayo wote. Hiki hakuna aliyewahi kupewa.

Kitundu kikafunikwa na kivuli. Mama Paska aliingia akipumua kwa nguvu, bado na kitambaa cheusi cha misa kichwani. Aliwapita mpaka kwenye ukuta wa nyuma, akatazama fahali wa kulia na fahali wa kushoto, halafu akainua kidole chake mbele ya ule mkono, karibu, bila kuugusa. Alifanya alichokuwa akifanya kila alipoingia mle, tangu alipokuwa mjane.

"Moja," alihesabu. "Mbili. Tatu. Nne."

Mara hii kidole chake kilisimama hewani.

"Na nusu," Elvio alimalizia, taratibu.

Mama Paska aligeuka. Aliitazama ile turubai iliyofungwa, akamtazama kijana yule aliyekatwa hatimaye na kitu chao, kidonda ambacho hakikutoa damu.

"Na nusu, Elvio," alisema.